Kiumbe Aliyepuuzwa

Katika historia ya maradhi, mara nyingi adui huonekana siku nyingi kabla ya kujulikana kuwa ni adui. Mfano mmoja ni habari ya amiba mdogo aishiye majini na udongoni, awezaye kuliharibu jicho la mtu hata likapofuka.

Mwaka 1930, mjini London, daktari wa Kiitalia aitwaye Aldo Castellani alikuwa akikuza hamira katika maabara. Huyu ndiye yule ambaye mwaka 1903, huko Entebbe, alitambua vijidudu vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Safari hii alikuta amiba wakikua pamoja na hamira yake. Mwaka uliofuata jamii yao ilipewa jina la Akanthamiba, yaani amiba mwenye miiba. Wataalamu hawakumwogopa, kwa kuwa hahitaji mwili wa mtu wala wa mnyama apate kuishi. Hujilia bakteria katika matope, mito, na hata maji ya mfereji.

Onyo la kwanza lilitokea Marekani mwaka 1958. Clyde Culbertson na wenzake walikuwa wakipima usalama wa chanjo ya polio. Panya na kima waliodungwa maji ya vyombo vya majaribio walikufa kwa uvimbe wa ubongo. Mwanzoni virusi vilishukiwa. Kumbe mwuaji alikuwa amiba.

Zamu ya jicho ilifuata. Mwaka 1973 mfugaji mmoja wa Texas, aliyekuwa ameumia jicho, aligunduliwa kuwa na amiba katika konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni. Mwaka 1974 madaktari wa Uingereza nao waliandika habari za wagonjwa wao. Hata hivyo ugonjwa ulikuwa nadra sana, kwani amiba huyu haingii kwa urahisi pasipo mkwaruzo.

Katika miaka ya 1980 mambo yaligeuka. Watu wengi walianza kuvaa lenzi laini juu ya jicho badala ya miwani, na baadhi yao walizihifadhi katika maji ya chumvi waliyojitengenezea nyumbani. Maji yale yalionekana safi, lakini hayakuwa na dawa ya kuua vijidudu. Wachunguzi wa Marekani walipowahesabu wagonjwa, waliona kwamba wengi wao walikuwa wavaaji wa lenzi.

Tiba yake ni ngumu. Amiba akisumbuliwa hujifunga ndani ya gamba lenye kuta mbili, ambalo dawa nyingi hazilipenyi. Mwaka 1985 madaktari wa London walitangaza kwamba wamemponya mgonjwa kwa dawa bila kulikata jicho. Lakini hata leo matibabu huweza kuchukua miezi mingi.

Basi, ni kipi kilichobadilika tangu mwaka 1930? Si amiba. Yeye alibaki palepale majini, akila bakteria wake. Zilizobadilika ni desturi za watu, nazo zikamfungulia mlango. Kwa hiyo avaaye lenzi asizioshe kwa maji ya mfereji, wala asiogelee nazo, hata kama maji ni maangavu kama kioo.