Hati za Bima za Zamani na Gharama za Kusafisha Ardhi ya Viwanda: Tathmini kwa Mafinga

Bima ya dhima hukatwa kwa mwaka mmoja, ilhali madhara inayoyakinga huweza kugundulika miaka 30 baadaye. Ikiwa mkataba unafidia madhara yaliyotokea ndani ya kipindi chake, hata kama madai yamefunguliwa baadaye, kampuni iliyopokea ada mwaka 1975 inaweza kudaiwa leo. Huo ndio msingi wa kutumia hati kuukuu za bima kulipia usafishaji wa viwanja vya biashara vilivyochafuliwa.

Njia hii imekomaa zaidi Marekani. Sheria ya CERCLA ya mwaka 1980 iliwabebesha wamiliki wa viwanja gharama za kuondoa sumu, pamoja na ile iliyomwagwa kabla ya sheria yenyewe kutungwa. Wamiliki walirudi kwenye majalada yao kutafuta hati za zamani. Kampuni za bima zilikuwa zimeanza kubana fidia ya uchafuzi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1986 zikawa zimeiondoa karibu yote katika mikataba ya kawaida. Kwa sababu hiyo, hati zilizotangulia masharti hayo ndizo zenye thamani kubwa.

Mafinga, Tanzania, ni mahali panapofaa kuipimia njia hii. Mji huu umekua pamoja na Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na mbao na nguzo za umeme ndiyo biashara yake kuu. Nguzo ya mkaratusi hukaushwa, huingizwa kwenye silinda, hewa hufyonzwa, kisha dawa husukumwa ndani ya mti kwa shinikizo. Dawa iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Nyingine ni kriosoti. Nguzo ikitolewa huendelea kuchuruzika, na pasipo na sakafu ya zege yenye mifereji ya kukusanya matone, udongo huyanywa. Arseniki ni elementi isiyooza wala kuvunjikavunjika, hivyo hubaki ardhini hata baada ya kiwanda kufungwa. Umoja wa Ulaya ulibana matumizi ya mbao zenye dawa ya arseniki tangu mwaka 2004. Hatari hii inatokana na aina ya kazi. Hali ya kiwanja fulani hujulikana kwa kupima udongo na maji yake.

Kwa upande wa kumbukumbu, Tanzania Bara ina nafasi nzuri kuliko nchi nyingi. Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa mwaka 1963, na kuanzia utaifishaji wa mwaka 1967 hadi Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua soko, ndilo lililokuwa mkatiaji bima pekee. Mtafiti wa Marekani huenda akasaka makampuni kadhaa yaliyokwisha kuungana au kufilisika. Anayefuatilia kiwanda cha umma cha miaka ya 1970 hapa nchini ana mlango mmoja wa kubisha, na NIC bado ipo.

Hata hivyo vikwazo ni vitatu. Cha kwanza ni ubinafsishaji. Mwenye bima alikuwa shirika la umma, na mnunuzi wa mitambo na ardhi harithi moja kwa moja haki ya kudai chini ya bima ya muuzaji. Lazima mkataba wa mauzo uwe umeihamisha.

Cha pili ni tafsiri ya mkataba. Katika shauri la Bartoline la mwaka 2006, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba bima ya dhima kwa umma hulipa fidia anayodaiwa mtu kwa kumdhuru mwenzake, wala si gharama za usafishaji zinazodaiwa na mamlaka kwa mujibu wa sheria. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania, lakini huwa na ushawishi. Kwa hiyo jirani aliyechafuliwa kisima ana njia pana zaidi ya kuifikia bima kuliko amri ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Cha tatu, kilicho kizito kuliko vyote, ni thamani ya shilingi. Mwaka 1980 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 8. Sasa inazidi 2,000. Kikomo cha fidia cha shilingi milioni 4, kilichokuwa sawa na dola 500,000 hivi, leo hakifiki dola 2,000. Hata hati za miaka 10 zikijumlishwa, fedha hizo hazitoshi kuhamisha udongo wa kiwanja kimoja. Ni hati zilizoandikwa kwa fedha za kigeni tu zinazoweza kuepuka hali hiyo.

Pasipo chanzo cha fedha kilichoandaliwa mapema, hukumu peke yake haitoshi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichowatia wakazi sumu ya madini ya risasi kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Sehemu ya mzigo iliangukia taasisi za umma, yaani walipa kodi.

Kwa Mafinga, basi, hati za zamani zihifadhiwe na zikaguliwe kabla ya kila mauzo ya kiwanja, kwa kuwa zinathibitisha nani aliendesha kazi gani na lini, na pengine zitachangia kidogo. Fedha zenyewe zitoke kwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi hulipa, na inaruhusu kudai dhamana ya kifedha kwa ajili ya mazingira. NEMC na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) zinapaswa kuifanya dhamana hiyo, pamoja na bima mahususi ya uchafuzi yenye kikomo kinachohuishwa kila mwaka, kuwa sharti la kila kiwanda kinachotia nguzo dawa.