Faru Waliorudi Mkomazi, Ng'ombe Waliofukuzwa

Kutoka Same mjini hadi lango la Zange ni mwendo mfupi tu wa gari. Ukishavuka lango umeingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, zaidi ya kilomita za mraba 3,200 za nyika kavu kati ya Milima ya Pare na mpaka wa Kenya, ikipakana na Tsavo Magharibi. Ndani yake, nyuma ya uzio wa umeme, wanaishi faru weusi wenye asili ya kushangaza: wameletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, Ucheki na Uingereza, au wamezaliwa na walioletwa hivyo. Wageni husimuliwa habari hiyo kwa fahari, na fahari yenyewe ina haki yake. Habari ya ng'ombe waliolishwa katika nyika hiyo hiyo haina msimulizi langoni.

Milimani kwenyewe, huko Usangi, Ugweno, Chome na Mbaga, mnyama na binadamu wameishi kwa kubanana. Ardhi ni haba, kwa hiyo ng'ombe wengi hufungwa bandani na majani huletwa kichwani, mara nyingi kichwani mwa mwanamke. Misitu ya matambiko nayo, ile mpungi ya ukoo, ilikatazwa shoka kwa vizazi vingi. Chini tambarare mambo yalikuwa mengine. Huko kulikuwa na nafasi, kulikuwa na mbung'o, na kulikuwa na wanyamapori. Wapare walishuka kuwinda na kulisha. Wakamba, Wasambaa, Wamasai na ndugu zao Waparakuyo nao walikuwa na njia zao humo. Katika karne ya 19 misafara kutoka Pangani ilipita pembeni mwa milima hii ikifuata pembe za ndovu, na meno ya ndovu wa Afrika Mashariki yakaishia kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Basi mauaji makubwa ya wanyama katika nchi hii yalianza na mnunuzi wa mbali, kabla hata serikali yoyote haijachora mpaka wa hifadhi.

Mpaka ulichorwa mwaka 1951. Serikali ya Kiingereza ilifuta Pori la Akiba la Ruvu na kuanzisha la Mkomazi. Wakati huo familia za Waparakuyo zilikuwa tayari zinaishi upande wa mashariki, na ziliruhusiwa kubaki na mifugo yao. Ruhusa hiyo ikumbukwe, kwa sababu baadaye ilisahauliwa kabisa. Ikumbukwe pia jinsi huruma ya enzi hizo ilivyogawanywa. Mzungu mwenye leseni akiua simba alikuwa mwanamichezo. Mpare mwenye upinde akiua swala alikuwa jangili. Mbwa mwitu hakuwa na mtetezi hata mmoja: katika mapori mengi ya Afrika Mashariki askari wa wanyamapori wenyewe walimpiga risasi kama mdudu mharibifu.

Halafu ikaja biashara ya pembe za faru. Katika miaka ya 1970 fedha za mafuta ziliingia mikononi mwa watu wengi wa Yemen waliokwenda kufanya kazi Saudia, na kila aliyejiweza alitaka jambia lenye mpini wa pembe ya faru. Waganga wa Asia ya Mashariki nao walikuwa wakiinunua kwa ajili ya dawa za homa. Mwaka 1977 mkataba wa kimataifa wa CITES ulipiga marufuku biashara ya pembe za faru weusi, lakini pembe ziliendelea kusafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mkomazi haikuwa tena na faru, na ndovu walikuwa wamebaki wa kuhesabika. Serikali ilijibu mwaka 1989 kwa Operesheni Uhai, ikipeleka wanajeshi na polisi pamoja na askari wa wanyamapori.

Lakini huko Mkomazi adhabu ilikuwa tayari imempata mtu. Mwaka 1988 wafugaji wote waliamriwa kutoka na ng'ombe wao. Hoja ilikuwa kwamba mifugo imezidi, inamaliza majani na kuharibu ardhi. Ni kweli kwamba mifugo ilikuwa imeongezeka sana, makumi ya maelfu, na si yote ilikuwa ya wale wa 1951. Lakini watafiti Dan Brockington na Katherine Homewood walipoupima ushahidi huo miaka ya 1990, waliuona mwembamba. Nyika ya aina ile hubadilika zaidi kwa mvua kuliko kwa kwato. Na hata kama ng'ombe wangekuwa wameila nyika yote, ng'ombe hakuuza pembe ya faru hata moja. Soko lilikuwa Sana'a na Taipei. Aliyehamishwa ni mchungaji wa Mkomazi.

Waliofukuzwa walibanwa kati ya mpaka wa pori na mashamba ya chini ya milima. Mifugo mingi ilikufa au ikauzwa kwa hasara. Akina mama wa Kiparakuyo, waliozoea kuuza maziwa katika vijiji vya Wapare kando ya pori, walipoteza kipato chao pamoja na ng'ombe. Aliyerudisha mifugo ndani usiku alikamatwa na kutozwa faini, na wengi walirudisha, kwani kiangazi hakisomi tangazo la serikali.

Kuna utani wa zamani Tanzania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Safari hii waliokwenda mahakamani kuhusu ng'ombe walikuwa majirani wa Mpare. Lekengere Faru Parutu Kamunyu na wenzake walifungua shauri Mahakama Kuu ya Moshi kudai ardhi yao ya Mkomazi. Jina la mdai wa kwanza lina faru ndani yake, jambo ambalo mtunzi wa hadithi angeogopa kulibuni. Baadhi yao walipewa fidia ya shilingi 300,000 kila mmoja, fedha ya kununulia ng'ombe wachache tu, bila kurudishwa. Wakakata rufaa. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani nayo haikuwarudisha, ikiona kwamba wadai hao, Wamasai, waliingia Mkomazi baada ya watu wengine na hivyo hawakuwa na haki ya asili. Hoja hiyo ina tundu kubwa: hao wengine, waliodaiwa kutangulia, nao hawakurudishiwa nyika.

Mwaka 1989, mwaka mmoja tu baada ya amri ile, alifika Mkomazi Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyekuwa ameishi miaka mingi Kora, Kenya, akilea simba pamoja na George Adamson. Adamson aliuawa na majambazi mwezi Agosti mwaka huo huo. Serikali ya Tanzania ilimwalika Fitzjohn kulifufua pori lililokuwa limekufa nusu. Alichonga barabara, akarekebisha mabwawa, na pamoja na serikali akajenga eneo maalumu la faru. Mwaka 1997 waliletwa faru wanne kutoka hifadhi ya Addo, Afrika Kusini, na mwaka 2001 wengine wanne. Hawa hawakuwa wageni: mababu zao walikuwa wamechukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo ukoo ulikuwa unarudi Afrika Mashariki baada ya uhamisho wa miaka karibu 40. Mwaka 2009 walikuja Jamie, Deborah na Jabu kutoka bustani ya Dvůr Králové, Ucheki. Mwaka 2012 wakafuata Zawadi, Grumeti na Monduli kutoka Port Lympne, Uingereza, na mwaka 2016 faru jike kijana, Eliška, naye akatoka Ucheki.

Mbwa mwitu ndio waliofundisha somo gumu zaidi. Mwaka 1995 watoto 25 walichukuliwa kwenye mapango yao katika Nyika ya Wamasai na kulelewa Mkomazi ili wazaliane. Walilishwa, walichanjwa. Hata hivyo, kuelekea mwisho wa mwaka 2000 ugonjwa wa distempa uliwavamia, na kati ya mbwa 52 walikufa 49 katika muda wa miezi kama miwili. Distempa huenezwa sana na mbwa wa nyumbani. Mfugaji anayepeleka mbwa wake kuchanjwa kijijini anamlinda mbwa mwitu ambaye huenda hatamwona maishani. Kazi iliendelea, na vikundi vya mbwa mwitu viliachiwa tena porini.

Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19, inayomtaka mwenye mnyama amlinde dhidi ya njaa, kiu, maumivu na hofu. Sheria hiyo inamhusu punda anayebebeshwa mizigo minadani kama inavyomhusu mbwa wa mlinzi. Haimfuati ng'ombe aliyeondolewa Mkomazi miaka 20 kabla yake bila kuonyeshwa maji mengine.

Siku hizi ndovu wameongezeka, na wanapita kutoka hifadhini hadi mashamba ya mahindi wilayani Same. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa shamba lililoharibiwa, lakini si zaidi ya ekari tano, na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa. Kuwalinda faru ni kazi njema na iendelee, hata kwa gharama ya ndege. Lakini nchi inayoweza kumpokea faru aliyelipiwa nauli kutoka Ulaya haina sababu ya kumpimia kwa kijiko anayeishi mpakani mwake. Wafugaji wa 1988 walistahili malisho mbadala na fidia kamili siku ile ile walipoondolewa, na wengi wao hawakupata.