"Tú", "usted" au "vos"? Viwakilishi vya nafsi katika Kihispania

MZUNGUMZAJI wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kihispania ana bahati moja ambayo Mwingereza hana: anajua tayari kwamba kitenzi chaweza kubeba nafsi ndani yake. Kama vile "ninasema" isivyohitaji "mimi" mbele yake, "hablo" nayo haihitaji "yo". Tofauti ni mahali tu. Kiswahili hutanguliza kiambishi cha nafsi, Kihispania hukiweka mwishoni mwa kitenzi.

Kutaja kiwakilishi pasipo haja si kosa la sarufi, lakini hubadili uzito wa maneno. "Pago" ni nalipa. "Yo pago" ni mimi ndiye ninayelipa. Anayeanza kila sentensi kwa "yo" husikika kama mtu wa kujitapa. Hata hivyo, yapo maumbo ya kitenzi yasiyobainisha nafsi. "Hablaba" ni nilikuwa nikisema na pia alikuwa akisema, na hapo kiwakilishi huondoa utata.

Jinsia nayo haikwepeki. "Yeye" wa kiume ni "él", wa kike ni "ella". "Nosotras" ni sisi wanawake watupu. Akiwamo mwanamume mmoja tu, kwa kanuni ya kawaida kundi zima hugeuka "nosotros".

Lakini mtihani wenyewe umo katika neno "wewe". Kihispania kina "tú" kwa rafiki, ndugu au mtoto, na "usted" kwa mtu wa kuheshimiwa au asiyezoeleka. "Usted" ilitokana na "vuestra merced", yaani hisani yenu, na kwa sababu hiyo hadi leo hufuatwa na kitenzi cha nafsi ya tatu. Jambo hilo halipaswi kumshangaza Mswahili, ambaye naye humuuliza mzee aliye mbele yake, "Baba anaendeleaje?"

Kuchagua vibaya kuna gharama. Novemba 10, 2007, katika mkutano wa viongozi wa nchi za Ibero-Amerika mjini Santiago, Chile, Mfalme Juan Carlos wa Hispania alimgeukia Rais Hugo Chávez wa Venezuela, aliyekuwa akimkatiza Waziri Mkuu José Luis Rodríguez Zapatero, akamwambia: "¿Por qué no te callas?" Maana yake ni kwa nini hunyamazi. Dunia ilisikia ukali wa maneno hayo. Wenye lugha walisikia pia "te", kiwakilishi cha watu waliozoeana. Kwa "usted" ingekuwa "¿Por qué no se calla?", na karipio lingebaki na chembe ya itifaki.

Mambo hubadilika kwa kuvuka mipaka. Nchini Argentina na Uruguay, na katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kati, rafiki huitwa "vos", na kitenzi hubadilika pia: "tú eres" huwa "vos sos". Mjini Bogotá si ajabu kusikia marafiki, hata mume na mke, wakiitana "usted". Kwa wingi, sehemu kubwa ya Hispania husema "vosotros" kwa marafiki na "ustedes" kwa heshima, ilhali Amerika ya Kilatini hutumia "ustedes" kwa wote. Mgeni asiye na hakika na aanze na "usted", asubiri mwenyeji amruhusu kulegeza. Heshima iliyozidi husamehewa upesi kuliko iliyopungua.

Viwakilishi vya mtendwa hukaa kabla ya kitenzi kilichonyambuliwa: "te veo" ni nakuona. Kwa kitenzi kisichonyambuliwa, na kwa amri, hugandamana nacho mwishoni: "verte" ni kukuona, "dámelo" ni nipe hicho. Kiswahili sanifu hakiruhusu viambishi viwili vya namna hiyo katika kitenzi kimoja; Kihispania huviweka viwili pamoja, cha mtu kikitangulia cha kitu. "Le escribo" ni namwandikia. Barua nayo ikiwakilishwa kwa "la", "le" hugeuka "se": "se la escribo". Kusema "le la escribo" ni kosa.

Baada ya kihusishi "con", yaani "pamoja na", "mimi" na "wewe" huungana nacho kuwa "conmigo" na "contigo". Anayesema "nami" na "nawe" hana haja ya kuelezwa zaidi.