Munganga wa mifugo na bei yake: Masisi na Walikale tumetoka wapi?

Mama mmoja aliyetoka vilima vya Bashali alinisimamisha kando ya barabara ya Sake, mkononi ana kamba isiyo na mbuzi. Akaniambia: "Mtoto wangu, wewe wa redio, unisaidie kuuliza. Alikuja mtu na mfuko wa dawa, akamchoma mbuzi wangu sindano tatu, siku tatu. Nimelipa dawa, nimelipa na motari aliyemleta. Siku ya nne mbuzi amekufa. Yule njo munganga kweli?"

Mbuzi huyo alikuwa wa mwisho. Mwenzake aliuzwa mwaka uliopita kwa minervali ya mtoto. Familia nyingi zilizokimbia zilifika na mbuzi wawili au watatu, kuku kwenye kikapu, simbiliki ndani ya karatoni na mbwa anayefuata nyuma. Hiyo ndiyo mali yote iliyobaki, na anayekuja kuitibu anaweza kuimaliza kwa haraka kuliko ugonjwa.

Sikumcheka mama. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilimwita mtu wa namna hiyo kwa ajili ya mbwa wetu. Alimchoma bila hata kumshika masikio, akachukua dola kumi, na mpaka leo sijui alimchoma nini. Ndiyo maana nilikwenda kuuliza wazee na kusoma, nijue tulifikaje hapa: wakati gani tulikuwa na waganga wa mifugo, nani aliwalipa, na kwa nini leo tunalipa sisi wenyewe tena kwa bei kali.

Tuanze na sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia Ethiopia mwishoni mwa miaka ya 1880, na katika miaka michache ukashuka kupitia nchi za Maziwa Makuu mpaka kusini mwa Afrika. Rwanda waliuita muryamo. Mahali pengi, kati ya ng'ombe kumi walikufa tisa. Dawa haikuwepo. Wafugaji walikuwa na akili yao tu: kutenga nyama mgonjwa, kufunga njia ya kundi la jirani, na kukataa nyama wa bei rahisi asiyejulikana anatoka wapi. Hiyo ya mwisho naomba muikumbuke.

Mwaka 1920 sotoka ilifika Ubelgiji kwenyewe. Ng'ombe wa India waliokuwa wakipelekwa Brazil walipitishwa bandari ya Antwerp, wakaacha ugonjwa pale. Mataifa yalishtuka, na mwaka 1924 yakaunda ofisi ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo huko Paris, ambayo inafanya kazi mpaka leo. Nasimulia hayo kwa sababu yanaonyesha kitu: huruma haikuwa sababu ya serikali kulipia kazi hii. Waliona kwamba ugonjwa wa ng'ombe wa mtu mwingine unafika kwako hata kama wako wamenona.

Kongo nayo ilikuwa imeanza kuchunguzwa. Mwaka 1915 Mbelgiji mmoja, René Van Saceghem, alieleza akiwa hapa Kongo ugonjwa wa ngozi unaowashika ng'ombe wakati wa mvua nyingi. Kijidudu chake kinabeba jina la nchi yetu kwa Kilatini: Dermatophilus congolensis. Mfugaji wa Masisi ambaye ng'ombe wake ameota magamba mgongoni mvua ikizidi anakijua hata bila Kilatini.

Wakati wa ukoloni vilima vya Masisi vilikatwa miti, vikapandwa pareto, chai na kahawa, na penye majani wakaingia ng'ombe. Mashamba makubwa hayakukosa munganga. Mtu mwenye ng'ombe wachache alimjua munganga kama mtu wa serikali, anayekuja na daftari. Mzee wa upande wa Kitchanga alinisimulia josho: shimo refu la saruji lenye maji ya dawa ya kupe, ng'ombe wanatumbukia upande huu na kutokea upande ule, siku iliyopangwa, kijiji kizima. Kupe ndio wanaoleta ndigana kali, na ndigana kali inaua ndama kwa siku chache tu. "Hatukulipa hata senti," alisema mzee. Nilipompelekea maneno hayo mzee mwingine, wa Nyabiondo, alicheka sana. "Hatukulipa? Na kodi ilikuwa nini? Na asiyeleta ng'ombe wake siku ya josho, faini ilikuwa nini?"

Wote wawili wanasema kweli. Pesa ilitoka, lakini ilitoka kwa wote kwa pamoja, kabla ya ugonjwa, na hakuna aliyesimama peke yake mbele ya munganga saa sita usiku akiulizwa dola ngapi anazo.

Walikale ni hadithi nyingine. Msitu mzito haukupenda ng'ombe, na barabara haikumpenda mtu yeyote. Kule mfugo ni mbuzi, kuku, nguruwe kidogo, na mbwa wa kuwinda mwenye kengele ya mti shingoni, ili mwindaji amsikie akiwa amepotea kwenye majani. Mbwa wa namna hiyo ni chombo cha kazi, analisha nyumba. Lakini daftari la serikali liliandika ng'ombe, mbwa wa Walikale hakuandikwa. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa vijiji vya ndani kule jina la munganga wa mifugo, mara nyingi atakutajia mzee anayejua majani.

Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zichukuliwe na Wazaire. Mashamba ya Masisi yalipata wenyewe wapya, wengine wafugaji kweli, wengine watu wa mjini waliokuja kuangalia ng'ombe siku ya Jumapili. Kadiri miaka ilivyokwenda mkono wa serikali ulizidi kukonda. Kilichosaidia ni wafugaji kujikusanya: ushirika wa ACOGENOKI uliunganisha vikundi vya wafugaji wa Kivu Kaskazini. Faida ya kuungana hapa ni hesabu ya chupa. Chupa kubwa ya dawa, kwa mtu mwenye ng'ombe wanne, tarehe yake itapita dawa ikiwa bado nusu. Kwa watu ishirini wanaoigawana, kila mmoja analipa kidogo na hakuna tone linalomwagwa.

Kisha vita. Machi 1993 moto uliwaka sokoni Ntoto, Walikale, ukapanda Masisi. Mwaka uliofuata waliingia wakimbizi wa Rwanda, na 1996 vita nyingine. Ng'ombe waliibwa, wakachinjwa, wakapelekwa mbali. Majosho yakabaki mashimo. Sitaki kurudia yote, wasikilizaji wengi waliyapitia kwa miguu yao.

Kwa habari yetu ya leo, kilichovunjika ni mshahara. Mtu wa serikali asiyelipwa anabaki na njia moja, kulipwa na wewe. Leo unapomwita veterineri unalipia dawa, unalipia pikipiki, na juu yake unalipia mshahara ambao serikali haikumpa. Ukielewa hivyo hutamchukia, lakini utajua kwa nini sindano tatu zinampendeza kuliko shauri moja. Pembeni yake akazaliwa yule mwenye mfuko, ambaye hakusoma popote, aliyenunua dawa sokoni na kujiita daktari.

Mtu atasema: hii ni vita, tungefanya nini? Tuangalie Sudan Kusini. Miaka ya 1990 ilikuwa vitani, na sotoka ilikuwa bado inaua ng'ombe kule. Chanjo ya zamani ilitaka barafu njia nzima, na barafu haikuweza kupita. Ilipopatikana chanjo iliyoweza kukaa wiki kadhaa bila friji, walifundishwa wafugaji wenyewe, watu waliochaguliwa na vijiji vyao, wakatembea nayo kwa miguu. Mwaka 1993 peke yake walichanja ng'ombe zaidi ya milioni 1. Sotoka ya mwisho kabisa ilionekana Kenya, mbugani Meru, mwaka 2001, na mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Kazi ngumu ya mwisho ilifanywa na watu wa vijijini, katikati ya risasi.

Tuliyebaki naye ni ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo. Inaleta homa, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara. Mwaka 2012 iliua makumi ya maelfu ya mbuzi hapa Kongo. Ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Inaweza kusaidia magonjwa yanayoingia nyuma yake, basi. Kama mbuzi wa mama alikuwa na sotoka, hata sindano kumi zisingeiondoa. Chanjo ipo, na moja inalinda mbuzi miaka mitatu au zaidi. Ila inafanya kazi kwa mbuzi aliye mzima.

Sasa munganga wa kweli tutamjuaje? Muulize alisoma wapi, bila haya, hata mbele za watu. Nchini kwetu madaktari wa mifugo wanatoka vyuo vikuu kama Lubumbashi na Graben ya Butembo, na ni wachache sana huku kwetu. Wengi tulio nao ni A2, waliosoma shule ya sekondari ya kilimo na mifugo. A2 mzuri si aibu, anaweza kuchanja, kutoa dawa ya minyoo, kufunga jeraha, na kusema "hili limenishinda". Huyo anayejua kusema limenishinda, shika namba yake. Mtazame pia anavyoanza. Munganga anauliza kwanza: nyama anakula? wangapi wanaumwa? alikuja lini, mlimnunua wapi? Anapima homa kabla ya kufungua mfuko. Anakuonyesha chupa na tarehe yake, habadilishi nyama bila kubadili sindano, na akimaliza anakuambia maziwa au nyama yasiliwe siku ngapi. Anayetaja bei ya dawa akiwa bado mlangoni, mwache aendelee na safari yake.

Na anayekuuzia sindano ya kuponya homa ya nguruwe, ile inayomaliza zizi zima, anakudanganya. Homa hiyo iliandikwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na baada ya miaka mia moja na zaidi hakuna dawa inayoiponya. Okoa pesa yako, funga zizi, usilete nguruwe mgeni, usiwape mabaki ya nyama ya nguruwe. Hapa wale wazee wa wakati wa muryamo walikuwa mbele yetu.

Kwa kuku, ndugu zetu wa Tanzania wametuonyesha njia rahisi. Chanjo ya mdondo inayoitwa I-2, iliyotoka Australia na kutengenezwa Temeke, Dar es Salaam, inavumilia joto kuliko zile za zamani. Ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi minne, na mtu wa kijiji aliyefundishwa anaweza kuitoa. Chupa moja inatosha kuku wa nyumba nyingi, basi hakuna sababu ya kuinunua peke yako.

Nimemwacha mbwa mwisho kwa sababu yeye anaua watu. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayepaswa kufa kwa kichaa cha mbwa, na bado wanakufa, huku kwetu pia. Kisiwa cha Pemba kiliumaliza kwa kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena mpaka ukatoka. Hesabu yao inajulikana: mbwa saba katika kumi wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Kuchanja mbwa mmoja ni pesa kidogo. Mtoto aliyeumwa anahitaji sindano kadhaa, na kuzipata ukiwa ndani ya Walikale ni safari. Akiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 bila kuacha, kisha mfikishe kituo cha afya siku ileile, hata kama jeraha ni dogo.

Nilirudi kwa mama wa Sake nikamweleza hayo, si yote, alikuwa na haraka ya maji. Juma lililofuata majirani wake, nyumba kumi na moja, walimtafuta A2 mmoja, wakakubaliana bei kwanza, wakachanga pikipiki ya safari moja. Alikuja Jumamosi na sanduku la barafu. Mbuzi wawili waliokuwa wanakohoa alikataa kuwachanja, akasema wafungwe mbali na wenzao. Wenyewe walinung'unika, mmoja akadai arudishiwe pesa yake ya pikipiki. Waliobaki walichanjwa wote na kuandikwa kwenye daftari la shule.

Mama hakuwa na mbuzi wa kuleta. Alileta mbwa. Dawa ya mbwa haikuwemo sandukuni siku hiyo, italetwa kutoka Goma wakifika mbwa ishirini. Wa kwake ameandikwa wa kwanza.