Miiko ya uongozi Tanzania, kutoka Azimio la Arusha hadi takrima

Miiko ya uongozi iliandikwa katika Sehemu ya Tano ya Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Kiongozi wa chama au serikali alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kumiliki nyumba ya kupangisha. Waliotunga masharti hayo walijua ujanja wa binadamu: kiongozi alihesabiwa pamoja na mume au mke wake, ili mali isihamishiwe upande wa pili wa kitanda.

Masharti hayo hayakudai kwamba kiongozi wa TANU ni mwema kuliko watu wengine. Yalichukulia kwamba yeyote mwenye cheo, akiwa pia na biashara yake pembeni, ipo siku atakitumia cheo kuilinda biashara. Kwa hiyo waliotunga hawakujishughulisha na tabia ya mtu, walimwondolea kishawishi.

Lililouma zaidi ni la nyumba. Dar es Salaam na kwingineko pwani, nyumba yenye vyumba vya kupangisha ilikuwa akiba ya uzeeni kwa watu wasio na pensheni, wanawake hasa. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi TANU katika miaka ya 1950, alilipinga sharti hilo na kujiuzulu nafasi yake katika uongozi wa chama. Kumwita fisadi kwa sababu ya kodi ya vyumba ni kumwonea. Miiko ilimbana mwenye nyumba ya matofali sawasawa na mwenye hisa kiwandani.

Uchaguzi nao ulikuwa umekwisha kuwekewa mipaka. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa jimbo walipanda jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine nyumba. Kampeni ya binafsi ilipigwa marufuku, hivyo mwenye fedha hakuwa na pa kuzimwaga. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa.

Mambo yaliharibika taratibu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika, na mshahara wa mtumishi haukumfikisha mwisho wa mwezi. Sukari na sabuni zilipatikana kwa kujuana au kwa magendo, na aliyeshika kibali akawa na kitu cha kuuza. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983, ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ulijaza mahabusu, lakini haukuongeza bidhaa madukani. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya Arusha: hisa, mishahara zaidi ya mmoja na nyumba za kupangisha vikaruhusiwa.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyotoa taarifa yake mwaka 1996, ilitenganisha rushwa ndogo ya wenye kipato duni na rushwa kubwa ya wakubwa wenye tamaa. Hata hivyo, mwaka 2000 Bunge, lililojaa wabunge wa chama kilichorithi TANU, lilirekebisha sheria ya uchaguzi na kuiruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila unaofanywa kwa nia njema. Sahani ya pilau na doti ya khanga vikapata kinga ya kisheria, na kuthibitisha kwamba nia ilikuwa mbaya ikawa kazi ngumu.

Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na fedha. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikafuata, ikimtaka mgombea aeleze fedha za kampeni yake zimetoka wapi na zimetumikaje.