Kielezi "Pe" na Weupe wa Kilimanjaro, 1848

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupitia Bura. Nyikani, baada ya kuiacha Bura, tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai, aliona juu ya Kilimanjaro kitu alichodhani kwanza kuwa ni wingu. Katika maelezo yake yaliyomo ndani ya kitabu cha Kiingereza cha Krapf, kilichochapishwa London mwaka 1860, weupe wa kitu hicho umeelezwa kwa kielezi "dazzlingly". Kiongozi wake aliuita weupe huo kwa neno moja tu: baridi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kati ya kielezi kile na jawabu lile pana tofauti ambayo mfasiri hana budi kuizingatia.

Fasiri inayotujia kwanza ni "nyeupe pe". Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vipokeavyo viambishi vya ngeli, na kila kimoja kina kielezi chake: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Vielezi hivi havibadilishani nafasi. Hatusemi "nyekundu pe". Rangi nyingine, kama manjano na kijani, zimetokana na majina ya vitu, nazo hazina kielezi cha namna hii. Yafaa tukumbuke kwamba Berlin na Kay, mwaka 1969, walidai kuwa lugha yenye majina matatu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu.

Lakini "pe" si sawa na "sana". Mkaazi wa Voi asemapo kwamba udongo wa kwao ni mwekundu ndu, haelezi mshangao wake. Ashuhudia kuwa wekundu umeuenea udongo wote. Kielezi cha Kiswahili hushuhudia hali ya kitu. Kile cha Kiingereza hushuhudia jicho lililoshindwa na mwanga.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1852, W. D. Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakupata kuuona mlima huo, aliikanusha theluji, akimlaumu shahidi kwa udhaifu wa kutazama na wingi wa dhana. Sisemi kwamba kielezi ndicho kilichomponza Rebmann. Nasema kwamba ubishi wote uliangukia jicho lake. Neno la kiongozi halikutegemea jicho. Lilitaja sifa ya kitu chenyewe, tena ile iitambulishayo theluji. Mwaka 1862 von der Decken na Kersten waliangukiwa na theluji mlimani, na baridi ikathibitika.

Hata hivyo, maelezo yale yanalitaja jawabu la kiongozi kana kwamba lilipungua. Kwa maoni yangu, halikupungua. Basi mfasiri na aandike "weupe wa kutia macho kiwi" kwa Rebmann, "pe" akiiweka kwa mahali pake. Na neno "baridi" aliache kama lilivyotamkwa, bila kuliongezea "tu".