Fani na Sayansi Chini ya Ruwenzori: Chuo Kikuu cha Graben na Mtihani wa Ebola

Historia ya elimu ya juu katika Kongo ya mashariki haielezeki kwa kuhesabu majengo na vitivo peke yake. Yafaa iulizwe pia elimu hiyo ilitafutwa kwa ajili ya nani, na ilisemwa kwa lugha gani. Miji ya Butembo na Beni, katika Mkoa wa Kivu Kaskazini, inalidhihirisha swali hilo waziwazi.

Kwa muda mrefu nchi hiyo ilichunguzwa na wageni. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mahali Mto Semuliki unapotoka katika Ziwa Edward, mfupa wenye chale zilizopangwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka ipatayo 20,000. Wako waonao humo ushahidi wa hesabu, na wako waonao kalenda ya mwezi. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Vijana wa Ruwenzori nao waliifuata elimu mbali. Serikali ya Mobutu ilipoviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani mwaka 1971, masomo ya lugha na fasihi yaliwekwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Butembo.

Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko wa Butembo-Beni alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Jina lake ni neno la Kijerumani ambalo wanajiolojia hulitumia kwa bonde la ufa. Tiba, kilimo, tiba ya mifugo, sheria na uchumi vilipata vitivo katika chuo kimoja. Hata hivyo lugha ya kufundishia ilikuwa Kifaransa, hali sokoni na nyumbani watu waliongea Kinande na Kiswahili. Pengo hilo halikuonekana kuwa na hatari mpaka maradhi yalipoingia.

Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa, na kitovu chake cha kwanza kilikuwa Mangina, karibu na Beni. Kwa upande wa sayansi, yaliyofanyika yalikuwa makubwa. Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681, Beni na Butembo zikiwa miongoni mwa vituo. Mwezi Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimedhihirika kuokoa watu zaidi. Moja kati ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki.

Lakini dawa haimfai asiyekuja kutibiwa. Wilaya ya Beni ilikuwa imeshuhudia mauaji ya raia tangu Oktoba 2014, bila ya misaada mingi namna ile kuonekana. Kisha, mwezi Desemba 2018, Beni na Butembo zilinyimwa kura ya urais kwa hoja ya maradhi na usalama. Wengi waliona kwamba ugonjwa umegeuzwa siasa. Vituo vya tiba vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu hapo Butembo. Risasi zilikuwa zimefika mahali pa kufundishia.

Hapo ndipo thamani ya fani ilipobainika. Kueleza chanjo, kuomba ridhaa ya mgonjwa, kupatana na wafiwa juu ya mazishi: hayo yote ni mambo ya lugha, mila na historia kabla ya kuwa mambo ya maabara. Yaliyoandikwa kwa Kifaransa yalipaswa kusemwa upya kwa Kinande na kwa Kiswahili cha huko, tena na mtu anayeaminika. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa.

Hivyo basi, kutenga fani na sayansi ni desturi ya vyuo tu. Mgonjwa wa Butembo hakuijua. Yeye alihitaji dawa iliyo kweli, na neno la kweli la kumfikisha kwenye dawa hiyo.